Frigiliana: Kijiji Kilichokatazwa Lugha, Maneno Yakabaki

Abiria atokaye mji wa Málaga, kusini ya Hispania, akafuata barabara ya pwani kuelekea mashariki, huwa na Bahari ya Mediterania mkono wake wa kuume na milima mkono wake wa kushoto kwa muda wote wa safari. Baada ya mwendo wa kilometa hamsini na kitu hufika Nerja, mji uliokuwa wa wavuvi na wakulima, na ambao sasa huishi kwa watalii. Hapo hana budi kubadili basi. Basi la pili ni dogo, na barabara yake ni nyembamba yenye kona nyingi. Huiacha bahari nyuma na kupanda mlima kwa kilometa 6 hivi. Ghafla, katika kona moja, kijiji cheupe huonekana juu ya bega la mlima, nyumba juu ya nyumba, kama nguo zilizofuliwa zikaanikwa majabalini. Hicho ndicho kijiji cha Frigiliana.

Nilifika huko siku moja ya mwezi wa Agosti, saa nne za asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Ndani ya basi nilikaa karibu na mzee mmoja wa kijijini aliyepakata kikapu chake. Nikamwuliza, kwa Kihispania changu cha kuokoteza, nchi hii yote tuipitayo inaitwaje. Mzee akanyosha mkono, akaizungushia milima na mabonde yote, akajibu neno moja tu: "Axarquía."

Ndugu msomaji, jina hilo ni la Kiarabu. Asili yake ni al-sharqiyya, yaani upande wa mashariki, kwa kuwa nchi hiyo iko mashariki ya Málaga. Shina lake ndilo shina la neno letu "mashariki", tunalolitamka kila siku bila ya kufikiri lilikotoka. Nilishangaa kulikuta huko Ulaya, kinywani mwa mzee Mkristo mwenye kofia ya ukindu, ambaye kwake yeye ni jina la kwao tu. Nilizunguka kijijini siku tatu, na kila nilipopita niliona kwamba habari ya Frigiliana ni habari ya neno kama hilo: jinsi lilivyoweza kubaki mahali ambapo wenyewe walioliacha walifukuzwa.

MTAA WA JUU

Frigiliana ina wakazi elfu tatu na kitu. Imejengwa kiasi cha meta 300 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Almijara, ambayo tangu mwaka 1999 ni sehemu ya hifadhi ya mazingira ya asili. Kijiji kina sehemu mbili. Sehemu ya chini ni mpya, yenye barabara zipitazo motokaa, maduka na benki. Sehemu ya juu ni ya kale, nayo huitwa Barribarto, maana yake Mtaa wa Juu. Huko hapafiki gari. Mtu hupanda kwa miguu, ngazi baada ya ngazi, na mizigo mizito kwa karne nyingi ilipandishwa na nyumbu na punda.

Vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili waliobeba vikapu hulazimika kupishana kwa adabu. Vingine hupita chini ya vyumba vya watu, vikawa kama mapango mafupi yenye kivuli; vingine huishia kwenye mlango wa nyumba, mgeni akalazimika kurudi alikotoka. Ardhi imetandikwa kokoto zilizopangwa kwa mikono, nyeupe na nyeusi, zikafanya maua na mistari. Kila ukuta umepakwa chokaa, na watu wa huko hurudia kupaka mara kwa mara, maana chokaa hurudisha miali ya jua na kuifanya nyumba iwe na ubaridi. Milango ni ya buluu au ya rangi ya mbao, na juu yake huning'inia vyungu vya jeraniamu na matawi ya bogenvilia. Mwaka 1982 kijiji hiki kilipewa zawadi ya kwanza ya taifa kwa ajili ya kupendezesha vijiji vya Hispania, na tangu siku hizo sifa zake hazijapungua.

Aliyezoea miji ya kale ya pwani yetu hatapotea sana hapo. Kivuli cha makusudi, mlango usiotazamana na mlango wa jirani, baraza ndogo ya kukalia jioni: mambo hayo anayajua. Mafundi waliouchora mtaa huu walikuwa Waislamu wa Andalusia, na mpango wao haujabadilishwa, ingawa nyumba zenyewe zimebomolewa na kujengwa upya mara nyingi.

Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, wakiongozwa na Tariq ibn Ziyad, ambaye jina lake limebaki katika mwamba wa Gibraltar, yaani Jabali la Tariq. Walitawala sehemu kubwa ya nchi kwa karne nyingi, na ufalme wao wa mwisho ulikuwa wa Granada. Juu ya Frigiliana walijenga ngome, na mabondeni walichimba mifereji ya kumwagilia mashamba. Mwaka 1487 majeshi ya Wakristo yaliuteka mji wa Vélez-Málaga, na baadaye Málaga yenyewe, na nchi yote ya jirani ikawekwa chini ya utawala mpya. Granada ilianguka mwaka 1492. Katika mkataba wa kusalimu amri Waislamu waliahidiwa kwamba dini yao, sheria zao na desturi zao zitaheshimiwa. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Walibatizwa kwa nguvu, wakaitwa Wamorisko, na tangu hapo wakawa raia wa kutiliwa shaka katika nchi waliyozaliwa.

AMRI YA MWAKA 1567

Tarehe 1 Januari mwaka 1567 ilitangazwa mjini Granada amri ya Mfalme Felipe wa Pili. Wamorisko walipewa miaka mitatu ya kujifunza Kihispania. Baada ya hapo ingekuwa kosa kusema, kusoma au kuandika Kiarabu, hadharani au nyumbani. Vitabu vyao vya Kiarabu vilitakiwa kupelekwa vikaguliwe. Nguo zao, mitandio ya wanawake wao, ngoma zao za arusi, majina yao na hata hamamu zao za kuogea, vyote vilipigwa marufuku. Siku ya Ijumaa milango ya nyumba zao ilipaswa kuachwa wazi, ili mpita njia aone yanayotendeka ndani.

Mzee mmoja wa Wamorisko, Francisco Núñez Muley, aliandika barua ndefu ya kuwatetea watu wake. Alieleza kwamba lugha si dini, kwani wako Wakristo wa Malta na wa nchi za mashariki wanaosema Kiarabu na hakuna awashukuye kwa ajili hiyo. Akauliza pia mzee wa kijijini, ambaye hajapata kusikia lugha nyingine maishani mwake, atawezaje kujifunza lugha mpya katika miaka mitatu. Hoja zake zilikuwa za kweli, na wakubwa hawakuzisikiliza.

Mkesha wa Krismasi ya mwaka 1568 uasi ulianza katika milima ya Alpujarra, ukaenea upesi. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1569 vijiji vya Axarquía navyo viliinuka. Maelfu ya watu, wanaume, wanawake, wazee na watoto, walikimbilia mlima ulio juu ya Frigiliana, wakajizatiti kwenye majabali yake na vyakula vyao na wanyama wao. Mashambulizi ya kwanza ya askari wa Málaga waliyarudisha nyuma kwa mawe na mishale. Ndipo akaja Luis de Requesens na merikebu za vita, pamoja na askari waliozoea vita, waliotoka Italia. Tarehe 11 Juni mwaka 1569 mlima ulitekwa. Wengi waliuawa, wengi zaidi, hasa wanawake na watoto, walitekwa wakauzwa utumwani. Habari zimeandikwa za wanawake waliojitupa kutoka majabalini kuliko kukamatwa. Mlima ule hadi leo huitwa El Fuerte, yaani Ngome, na kivuli chake huangukia paa za kijiji.

Habari hizo zote, msomaji, hazikufichwa. Katika kuta za Mtaa wa Juu yamebandikwa mabamba 12 ya vigae vilivyotiwa rangi, na kila bamba linasimulia sehemu moja ya uasi huo kwa maandishi. Mgeni huanza na bamba la kwanza chini, akasoma akipanda, pumzi zikimpungua, mpaka akafika la mwisho. Nilisimama nyuma ya mama mmoja Mhispania aliyekuja na watoto wake wawili. Alikuwa akiwasomea kwa sauti. Walipofika penye habari ya wale wanawake wa majabalini, mtoto mdogo aliuliza: "Na sisi tulikuwa upande gani?" Mama yake hakumjibu mara moja. Alimshika mkono wakapanda ngazi zilizofuata.

Swali lile ni zito kuliko umri wa aliyeuliza. Baada ya vita Wamorisko wa ufalme wa Granada walihamishwa kwa nguvu, wapatao 80,000, wakatawanywa sehemu nyingine za Hispania. Kati ya mwaka 1609 na mwaka 1614 wote waliosalia nchini, kiasi cha watu 300,000, walifukuzwa kabisa, na wengi wao wakaenda Morocco, Algeria na Tunisia. Nyumba za Frigiliana zilipewa walowezi Wakristo walioletwa kutoka mbali. Basi wakazi wa leo ni wajukuu wa waliopewa funguo za nyumba za watu wengine, nao ndio waliobandika vigae vya kuwakumbuka wenye nyumba.

MIWA NA SUKARI

Mlangoni mwa mji wa kale limesimama jumba kubwa lenye madirisha mengi, liitwalo El Ingenio. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 16 na ukoo wa Manrique de Lara, waliokuwa mabwana wa Frigiliana, na yasemekana mawe yake mengi yalitolewa katika ngome ya Waislamu iliyobomolewa. Baadaye jumba likawa kiwanda. Ndani yake hutengenezwa asali ya miwa, yaani maji ya miwa yaliyochemshwa hata yakawa mazito na meusi, na hutajwa kuwa kiwanda pekee cha namna hiyo kilichobaki barani Ulaya.

Miwa haikuota Ulaya kwa hiari yake. Ilianzia visiwa vya mbali vya mashariki, ikapita India na Uajemi, na Waarabu wakaipanda katika pwani hii yenye joto. Kutoka Hispania na Ureno ilivushwa hadi visiwa vya Atlantiki, na mwaka 1493, katika safari yake ya pili, Columbus aliipeleka Marekani ya visiwani. Yaliyofuata tunayajua. Ili kulima miwa hiyo, mamilioni ya Waafrika walikamatwa wakavushwa bahari katika minyororo. Mtu anayenunua chupa ya asali nyeusi pale dukani Frigiliana ameshika mwanzo wa njia ambayo mwisho wake ni uchungu mkubwa wa bara letu.

Pwani hiyo iliishi kwa miwa mpaka juzi. Karibu na kijiji cha Maro, upande wa mashariki wa Nerja, upo mfereji wa juu uitwao Mfereji wa Tai, uliojengwa katika karne ya 19, matao juu ya matao kwa ghorofa nne, ili kupeleka maji katika kiwanda cha sukari. Kiwanda kimekufa, lakini maji yangali yakipita juu ya matao hayo kwenda mashambani. Kwa vizazi vingi wakata miwa walikwenda kazini na mapanga yao alfajiri, wakarudi weusi kwa masizi ya majani yaliyochomwa. Mwaka 2006 kiwanda cha mwisho cha sukari ya miwa cha pwani hiyo, kilichokuwa Salobreña, kilifunga milango. Kazi ya karne kumi ikaisha, na wazee waliokata miwa sasa hukaa kwenye mabenchi ya uwanjani wakiwatazama wageni wakipita.

Adhuhuri niliingia katika mkahawa mdogo ulio mkabala wa kanisa la Mtakatifu Antonio, lililojengwa mwaka 1676. Nikaletewa chakula kinachosifiwa na kila mtu: mabilingani yaliyokatwa vipande vyembamba, yakakaangwa kwa mafuta ya zeituni, yakamwagiwa asali ya miwa juu. Chumvi na utamu hukutana mdomoni bila ya kugombana. Nilipouliza jina la chakula, mwenye mkahawa aliniandikia kwenye karatasi: "berenjenas". Nikalisoma mara mbili, nikacheka. Bilingani na berenjena ni ndugu wa baba mmoja.

NDUGU WALIOPOTEANA

Kutoka hapo nilianza kuyatafuta maneno kama mtoto anayeokota kombe ufukweni. Sukari kwao ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Zafarani ni azafrán. Jengo la serikali ya kijiji lina ofisi ya mkuu wa kijiji, naye huitwa alcalde. Neno hilo ni al-qadi, yaani kadhi wetu, aliyeacha kuhukumu akaanza kutawala. Forodha huitwa aduana, nalo shina lake ni diwan, lililotupa sisi diwani. Mtaa ni barrio, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya upande wa nje, na shina lake ndilo lililotupa neno bara. Bei iliyobandikwa ukutani ni tarifa, nduguye taarifa. Na lililonifurahisha kuliko yote ni neno dogo wanalolitumia mara mia kwa siku, hasta, lenye maana ya "mpaka". Wataalamu wanasema lilitoka katika hatta ya Kiarabu. Ndilo "hata" letu, tena kwa maana ileile ya wazee wetu waliposimulia kuwa mtu alikwenda, akaenda, hata akafika.

Maneno hayo yalifika kwetu kwa Bahari ya Hindi, ndani ya majahazi, pamoja na biashara na dini. Kwao yalifika kwa mlango wa Gibraltar. Hayakupata kuonana tena kwa karne nyingi. Kwetu yaliingia katika lugha ya Kibantu, yakavaa ngeli zake na viambishi vyake, yakawa watoto wa nyumbani. Kwao yaliingia katika lugha yenye asili ya Kilatini, yakafanya vivyo hivyo. Lakini kwao ilikuwepo amri ya mfalme ya kuyazima, na askari wa kuitimiza.

Jioni ya siku ya pili nilimwona bibi mmoja akimwagilia maua yake mlangoni kwa kopo dogo. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, na msalaba wa dhahabu shingoni. Alikuwa mwangalifu sana na maji, tone kwa tone. Aliponiona natazama, akaonyesha mbingu isiyokuwa na wingu, akasema kwa kuvuta pumzi: "Ojalá llueva." Maana yake ni: laiti ingenyesha. Lakini ojalá ni nini? Ni law sha Allah, yaani kama Mungu angependa. Bibi yule, baada ya karne nne na nusu za amri ya Mfalme Felipe, alikuwa akiomba mvua kwa Kiarabu, mlangoni kwake, mbele ya watu wote.

MOTO WA PANDE MBILI

Isidhaniwe kwamba machungu ya Frigiliana yote ni ya zamani za kale. Hispania ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1936 hadi mwaka 1939, na Jenerali Franco akashinda. Katika miaka ya 1940 wapiganaji wa msituni waliendelea kupinga utawala wake katika milima hiyohiyo ya Almijara, wakiongozwa na mtu aliyejulikana kwa jina la Roberto. Vijana kadhaa wa Frigiliana walipanda mlimani kuungana nao. Polisi wa serikali wakakaa kijijini. Mkulima aliyekwenda shambani na mkate mwingi alishukiwa kuwa anawalisha wapiganaji. Aliyekataa kuwapa wapiganaji chakula alihesabiwa kuwa msaliti. Wahenga walisema: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Watu waliuawa kwa pande zote mbili mpaka mwaka 1952, milima ilipotulia.

Baada ya hapo kikaja kimya. Mpaka Franco alipofariki mwaka 1975, na hata miaka mingi baadaye, habari hizo zilisemwa kwa kunong'ona, mlango ukiwa umefungwa, maana aliyeuawa na aliyeua walikuwa na jamaa katika kichochoro kimoja. David Baird, mwandishi wa habari Mwingereza aliyeishi kijijini kwa miaka mingi, alizungumza na wazee wa pande zote na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2008. Hapo ndipo wengi walipothubutu kusema. Yanayotukia karibu huchelewa kusemwa: vita vya mwaka 1569 vimeandikwa kwenye vigae kwa rangi, ila vya babu wa mtu vyahitaji moyo zaidi.

Umaskini nao ulifanya kazi yake. Katika miaka ya 1960 Wahispania wengi wa vijijini walikwenda Ujerumani, Ufaransa na Uswisi kufanya kazi za viwandani, wakipeleka nyumbani fedha na barua. Utalii ndio uliogeuza mambo. Tarehe 12 Januari mwaka 1959 vijana watano waliokuwa wakiwafuata popo waligundua karibu na Maro pango kubwa ajabu, ambalo sasa huitwa Pango la Nerja, lenye kumbi pana kama makanisa na nguzo ya mawe yenye kimo cha meta 32 iliyojengwa na matone ya maji. Wageni wakaanza kumiminika. Baada ya pango walitaka bahari, na baada ya bahari walitaka vijiji vyeupe.

Leo watu wengi kutoka kaskazini ya Ulaya wamenunua nyumba Frigiliana. Nyumba zilizokuwa zikianguka zimetengenezwa, vijana wamepata kazi mikahawani, na duka la vyungu lina wateja. Lakini nyumba imekuwa ghali, na kijana aliyezaliwa Mtaa wa Juu mara nyingi hawezi kupanga chumba huko alikozaliwa. Msichana aliyeniuzia asali ya miwa aliniambia kwamba hukaa Nerja na kupanda kila asubuhi kwa basi. Nyumba ya bibi yake, alisema, sasa ina jina kwenye bamba la shaba na hukodishwa kwa usiku.

MAEMBE NA MAJI

Mabondeni, mahali palipokuwa na miwa na zabibu, sasa kuna miti ambayo msomaji wetu angeitambua kwa mbali: maparachichi na miembe. Axarquía ni moja ya sehemu chache za Ulaya ambako maembe huiva nje, bila ya kufunikwa, na wakulima wake huyauza hadi nchi za kaskazini. Mbele yake, kwenye miteremko mikavu, bado utaona majukwaa ya udongo yenye mwinamo, ambako zabibu za muskati huanikwa juani mpaka zikawa zabibu kavu, kama zilivyoanikwa zamani.

Lakini parachichi ni mti wenye kiu. Katika ukame wa mwaka 2023 na mwanzo wa mwaka 2024 bwawa la La Viñuela, ambalo ndilo tegemeo la nchi hiyo, lilishuka hata likabakiwa na maji chini ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Wakulima walikata miti waliyoilea kwa miaka, ili mingine ipone. Mvua za mwezi wa Machi 2025 zilileta nafuu, lakini hofu haikuondoka. Hapo nilielewa kwa nini yule bibi alihesabu matone yake.

Kando ya njia iendayo mlimani upo mfereji wa kale wa kumwagilia. Huitwa acequia, jina jingine la Kiarabu, na mashamba ya chini yangali yakinywa kwa njia hiyo. Waliochimba mifereji ya namna hiyo walifukuzwa, waliorithi wakaona maji hayana dini, wakaacha kila mfereji na jina lake.

SIKU YA KUONDOKA

Tangu mwaka 2006, mwishoni mwa Agosti, Frigiliana hufanya Tamasha la Tamaduni Tatu, kuwakumbuka Wakristo, Waislamu na Wayahudi waliopata kuishi katika nchi hiyo. Kwa siku nne vichochoro hujaa soko, muziki, taa na vyakula vidogo vidogo, na familia nzima hutembea mpaka usiku wa manane. Ni furaha ya kweli. Lakini mgeni mwenye kufikiri hukumbuka kwamba mwaka 2015 Hispania ilitunga sheria ya kuwapa uraia wajukuu wa Wayahudi waliofukuzwa mwaka 1492, na kwamba wajukuu wa Wamorisko, walio ng'ambo ya bahari iliyo mbele ya kijiji hiki, hawakupewa sheria kama hiyo. Ngoma huchezwa, hesabu bado haijakamilika.

Asubuhi ya kuondoka nilipita tena Mtaa wa Juu. Watu wachache walikuwa wameamka. Fundi mmoja alikuwa akipaka chokaa ukuta, na alipofikia bamba la vigae alipunguza mwendo wa brashi, akalizungukia bamba polepole, pembe kwa pembe, asilichafue. Nilimtazama mpaka alipomaliza. Kisha nikashuka ngazi kwenda kituoni.

Dereva wa basi alikuwa akiagana na mtu aliyesimama nje. "Hasta mañana," alisema, yaani hata kesho. Mlango ukafungwa, basi likaanza kuteremka kuelekea baharini, na kijiji cheupe kikabaki nyuma yetu juu ya bega la mlima wake.